Ua Bila Jani, Jani Bila Ua: Kutatua Mkanganyiko wa Vitunguu vya Mwituni Tanga

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha Muheza na Pangani, picha zinaanza kumiminika kwenye simu: tufe jekundu la maua kando ya shamba la mkonge, kengele nyeupe zenye mistari kwenye udongo mweusi wa mbugani, bua refu lisilo na jani hata moja juu ya mawe ya matumbawe. Swali linalofuata ni lile lile, "Hiki ni kitunguu gani?", na mara nyingi picha haitoshi kulijibu. Mmea wa kitunguu huishi kwa zamu. Ua lina majuma yake, jani lina miezi yake, tunda lina siku zake, na kiangazi kikikaza hakuna kinachoonekana juu ya ardhi. Aliyeuona mara moja ameona kipande tu, na vipande vya mimea tofauti hufanana sana kuliko mimea yenyewe ikionekana mizima.

Kwa hiyo tunaanzia pale mtu anapokwama: umeona dalili fulani, chanzo kinaweza kuwa hiki au kile, na cha kuangalia ni hiki. Dawa itakayojirudia ni kuweka alama. Chomeka kijiti chenye utepe hatua mbili kutoka kwenye mmea (si jirani nao kabisa, usije ukakitoboa kitunguu chenyewe), upe namba kwenye daftari, kisha urudi msimu unaofuata. Beba rula, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na penseli, kwa kuwa wino wa kalamu haustahimili mvua ya Usambara. Jembe libaki nyumbani. Kitunguu kilichojeruhiwa huoza kwa urahisi, na Crinum kubwa (vile vitunguu vya mwituni vyenye maua makubwa, mengi ya umbo la kengele) huchukua miaka kadhaa tangu mbegu hadi ua la kwanza.

UA LIMESIMAMA PEKE YAKE, JANI HALIPO

Dalili hii ndiyo inayozalisha majina mengi ya kubahatisha. Anza na bua.

Ikiwa bua ni refu kupita kiuno, pengine linakaribia mita 2, limejaa maua madogo meupe yenye mstari wa kijani au kahawia katikati ya kila petali, na ni mwishoni mwa kiangazi kabla mvua hazijashika, mshukiwa wa kwanza ni Drimia altissima. Uthibitisho unahitaji lenzi. Tafuta sehemu ambayo maua bado ni vichwa vilivyofumba. Chini ya kikonyo cha kila ua kuna kigamba chembamba, na kwa Drimia vile vigamba vya chini vina kijembe kidogo kilichochomoza kwa nyuma, chini ya pale kigamba kinaposhikana na bua. Vigamba hivi hudondoka mapema, ndiyo maana watu wengi hawavioni kamwe. Ukikiona kijembe hicho umekwisha kutenga Drimia na ndugu zake Albuca na Ornithogalum, ambao hawana. Utomvu wake usiushike kwa mkono mtupu, unawasha vibaya, na kitunguu chake kina sumu inayoshambulia moyo.

Ikiwa bua ni nene na fupi, na juu kuna maua mekundu yote yakitoka nukta moja, hapo una Scadoxus. Tanzania ina zaidi ya aina moja, na mbili zinazochanganywa mno ni S. multiflorus na S. puniceus. Wengi hutazama wekundu wa maua, lakini wekundu hautofautishi kitu. Tazama magamba makubwa yaliyokifunika kichwa kabla hakijafunguka. Kwa S. multiflorus hunyauka na kulala chini mapema, petali nyembamba hutanuka kila upande, na kichwa kinakuwa tufe kamili lenye maua yanayoweza kufika 200. Kwa S. puniceus magamba hayo hubaki yamesimama, mapana na yenye rangi, yakiyakumbatia maua ambayo nayo yameelekea juu. Piga picha ukiwa umechuchumaa, kwa ubavuni. Picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha tufe zuri na kuficha magamba yote, nayo ndiyo picha ambayo karibu kila mtu huileta.

Jani la Scadoxus likija lina mkanganyiko wake. Misingi ya majani hukumbatiana ikafanya shina bandia lenye madoa, na mmea mzima ukaonekana jamii ya tangawizi mwitu, ambazo kwenye misitu ya Amani, Usambara, zipo tele. Kata kipande kidogo cha jani ukifikiche: jamii ya tangawizi hutoa harufu ya viungo, Scadoxus haitoi.

Na ikiwa kilichotoka ardhini ni mhimili mnene uliozungushiwa jani moja lililojikunja, nzi wamejaa na hewa inanuka mzoga, hiyo ni Amorphophallus. Hicho hakina kitunguu bali kiazi, na jani lake, moja tu na pana, litakuja baada ya ua kufa. Weka kijiti, rudi mvua zikiwa zimekolea.

MAJANI YENYE MADOA YALIYOLALA KARIBU NA ARDHI

Kwenye kivuli cha misitu ya pwani, na hata pembezoni mwa njia za Mapango ya Amboni, mtu anaweza kukutana na vijimea vyenye majani machache ya kijani yenye madoa yaliyokolea. Vyanzo vikubwa ni viwili, Ledebouria na Drimiopsis, na madoa yenyewe hayasaidii chochote. Hubadilika kwa mwanga na kwa umri wa jani, na mmea ule ule ukihamia kivulini unaweza kuyapoteza karibu yote.

Subiri bua. Drimiopsis botryoides, ambayo ni ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, hutoa bua lililo wima, maua madogo meupe yanayoelekea ukijani yakiwa yamebanana juu, karibu hayana vikonyo. Petali tatu za ndani hubaki zimefumba, ncha zake zimeinamiana juu ya stameni, yaani vile vijiti vya ndani ya ua vinavyobeba chavua. Ledebouria hufanya kinyume: bua hulegea na kuinama ubavuni, kila ua lina kikonyo chake, na petali zote sita hukunjuka nyuma hadi stameni zikabaki wazi. Kwa lenzi utaona pia kwamba Ledebouria ina kigamba kidogo sana chini ya kila ua, wakati Drimiopsis haina.

Bua likiwa halipo, kuna jaribio moja lisiloua mmea. Chukua ncha ya jani moja, uichane polepole kwa kuvuta vipande viwili pande tofauti, ukiishikilia dhidi ya mwanga. Kwa baadhi ya Ledebouria utaona nyuzi nyembamba mno zinazong'aa zikitanda kati ya vipande, zinanyooka, kisha zinakatika moja moja. Zikionekana, umepata ushahidi wa Ledebouria. Zisipoonekana hujathibitisha lolote, kwa kuwa si aina zote zenye nyuzi hizo.

Ukisoma orodha mpya unaweza kukuta Drimiopsis imeingizwa ndani ya Ledebouria. Baadhi ya wataalamu wameziunganisha kwa sababu ya ukaribu wao wa kinasaba. Mimi naendelea kuziandika mbali mbali kwenye daftari la porini, kwa kuwa tofauti ninazoziona kwa macho bado zipo, na anayetaka kuunganisha baadaye ataunganisha bila shida. Ukiziunganisha tangu mwanzo, hakuna atakayeweza kuzitenganisha tena.

KENGELE NYEUPE ZENYE MISTARI: CRINUM, LAKINI IPI?

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Crinum zetu ni ndefu, zina maua makubwa, zinapendeza, na ndizo zinazochimbwa zaidi na watu wanaotaka kuzipanda mbele ya nyumba. Mtu akikuletea picha ya ua jeupe lenye mstari wa waridi, usikubali kutaja jina kabla hujajibiwa maswali manne.

La kwanza ni ncha ya jani. Crinum nyingi za mwituni bara la Afrika, zile zenye maua ya umbo la kengele, haziangushi jani zima kiangazi kikifika. Sehemu ya juu hukauka, sehemu ya chini hubaki imelala ndani ya shingo ya kitunguu, na mvua zikirudi jani lile lile huendelea kukua kutokea chini. Matokeo yake ncha inaonekana imekatwa butu, wakati mwingine ikiwa na pindo kavu la kahawia. Watu hudhani ni mbuzi amekula. Ukikuta majani mengi ya nje yana ncha butu namna hiyo, uko kwa Crinum ya mwituni ya kundi hilo, au kwa Ammocharis. Ukikuta majani mapana yenye ncha kali zisizoguswa, mmea mkubwa usiokauka mwaka mzima, maua membamba ya umbo la nyota, basi karibu yote ni Crinum asiaticum, mmea wa bustanini ulioletwa kutoka Asia. Mji wa Tanga umejaa hizo, kwenye nyua za nyumba za zamani na makaburini, na zikiachwa peke yake watu huzipiga picha wakiamini wamegundua kitu cha mwituni.

La pili ni upande wa nje wa petali. Crinum kirkii ina mkanda mpana mwekundu uliokolea mgongoni mwa kila petali, unaoonekana vizuri zaidi ua likiwa bado halijafunguka, na majani yake yana kingo zinazokwaruza ukipitisha kidole. Aina nyingine zina mstari mwembamba wa waridi uliofifia pembeni. Picha ya uso wa ua haionyeshi jambo hili. Ligeuze kidogo kwa kidole, upige picha ya mgongo.

La tatu ni vifuko vya chavua. Vitazame asubuhi na mapema, kabla nyuki hawajapita. Crinum macowanii kwa kawaida huwa na vifuko vyeusi au vya kijivu cheusi, jambo linaloonekana waziwazi ndani ya kengele nyeupe. Jioni vikishapasuka na kukauka, vya aina nyingine navyo vinaweza kuonekana vyeusi, na hapo alama hii imekufa. Andika saa uliyopiga picha.

La nne linahitaji subira: tunda. Crinum stuhlmannii hutoa tunda jekundu lenye mdomo kwenye ncha, kwa hiyo mmea uliokuchanganya wakati wa maua unaweza kujieleza wenyewe wiki chache baadaye. Mbegu za Crinum nazo ni ushahidi mzuri wa jenasi, yaani kundi la aina zenye jina moja la kwanza: kubwa, nene, zenye maji, hazina ganda jeusi gumu, na huota bila kuzikwa, hata zikiwa juu ya meza tu. Ukipasua tunda ukakuta mbegu nyeusi kavu, ondoka kwenye Crinum kabisa.

Upande mkavu wa Mkomazi, Ammocharis inaweza kukuingia kichwani kuwa Crinum kwa sababu nayo ina ncha butu. Lakini majani yake hulala chini kabisa yakitanda pande mbili mithili ya feni, hakuna shina bandia, na petali za maua yake hutanuka kwa usawa pande zote badala ya kuinama upande mmoja. Kaa chini ulitazame ua kwa mbele: stameni za Crinum ya kengele huinamia chini zikajipinda juu mwishoni, za Ammocharis hutawanyika.

Kwenye mbuga za udongo mweusi za Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, Crinum hutoka kwa makundi maji yakisimama. Humo hakuna ruhusa ya kuchukua hata mbegu bila kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na gari kukanyaga nje ya barabara ukitafuta picha nzuri kunaua mimea mingi kuliko mchimbaji mmoja mwenye kiroba.

UA MOJA JEUPE LENYE KIKOMBE NDANI

Mvua kubwa imenyesha, siku chache baadaye uwanda mkavu umejaa maua meupe yenye petali nyembamba sita na kikombe chembamba katikati, na stameni zimeota ukingoni mwa kikombe. Kama ni porini, mbali na makazi, unaelekea Pancratium, hasa P. tenuifolium. Kama ni karibu na nyumba, mtaro au shamba la zamani, shaka ya kwanza ielekee Hymenocallis littoralis ya Amerika, iliyopandwa pwani nzima. Mimea hii miwili ina kikombe kile kile na hakuna mtu wa kumlaumu kwa kuichanganya.

Hesabu maua kwenye bua. P. tenuifolium hutoa moja, Hymenocallis hutoa kadhaa. Tazama majani: ya Hymenocallis ni mapana, ya kijani kinachong'aa, yapo mwaka mzima. Mwisho kabisa ni mbegu. Za Pancratium ni nyeusi, kavu, zenye pembe; za Hymenocallis ni kubwa, kijani, zimejaa maji.

MAUA YA KIJANI AMBAYO MTU HUYAPITA

Ninasikitika jinsi mimea hii isivyopigwa picha. Albuca abyssinica inaweza kufika kifuani mwa mtu, na bado watu huipita wakikimbilia ua jekundu. Chuma ua moja tu kati ya mengi, uliweke kiganjani. Utaona petali tatu za nje zimetanuka, kila moja ina mstari mpana wa kijani katikati na kingo za manjano hafifu. Za ndani tatu zimesimama zimegusana, zimeziba kabisa stameni, na kila ncha ina kikofia kidogo kilichopinda ndani. Bonyeza kidogo kwa kucha, kile kikofia kinarudi nyuma na kuachia tena. Hakuna mmea mwingine wa kitunguu Tanga utakaoupa sura hiyo ya tatu wazi na tatu zimefumba kwa ukubwa huo, na ukishaiona mara moja hutahitaji tena mwongozo.

Anayechanganywa nayo ni Dipcadi viride. Hiyo ni nyembamba, ya kijani au kahawia, maua yameelekea upande mmoja wa bua, petali zimeungana chini zikafanya bomba, na zile tatu za nje mara nyingi zina mkia mrefu unaoning'inia. Mkia ukiwepo, kesi imekwisha. Mkia ukikosekana, tazama bomba: Albuca haina.

HUENDA SI KITUNGUU KABISA

Watu huita kitunguu kila kitu kilichovimba chini ya ardhi. Kitunguu halisi ni magamba ya majani yaliyokunjana juu ya kitako kidogo, na ukikikata kwa upana unaona miduara. Gladiolus dalenii, yenye maua ya rangi ya chungwa na majani bapa yaliyopangana kwa ubavu, imesimama juu ya shina lililovimba, gumu, lisilo na miduara, ambalo kila mwaka huzaa jingine juu ya la zamani. Eulophia ni okidi, E. petersii ya vichaka vikavu vya pwani ina mashina manene ya kijani juu ya ardhi na majani magumu, na watu huidhania shubiri au mkonge pori. Ua ndilo linaloitoa: okidi haina stameni sita zilizotawanyika, sehemu zake za uzazi zimeungana kuwa nguzo moja.

Kujua bila kuchimba inawezekana. Ondoa udongo kwa vidole pale shingo inapoingia ardhini, kina cha kidole kimoja tu. Magamba makavu yanayofunikana, ni kitunguu. Nyuzi nyuzi zilizosukana, elekea Gladiolus na jamaa zake. Hakuna kitu ila shina jembamba linaloendelea chini, kuna kiazi chini zaidi huko. Rudisha udongo ulivyokuwa, ukandamize kwa kiganja.

Tahadhari niliyoiweka hapa makusudi inahusu chakula. Wakati wa njaa wazee wa mkoa huu na wa Bagamoyo walichimba ndiga, viazi vikuu vya mwituni vyenye sumu, wakavikata vipande na kuvilowesha maji yanayopita kwa siku kadhaa. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini jirani ya ndiga huota Gloriosa superba, ua zuri jekundu na njano lenye petali zilizopinda nyuma, na kiazi chake kina sumu kali iitwayo kolchisini. Loweko halikuokoi hapo. Atakayekula huanza kutapika na kuharisha saa kadhaa baadaye, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa. Tofauti iko kwenye namna ya kuparamia mti: shina la ndiga hujisokota lenyewe, wakati Gloriosa haijisokoti, bali ncha ya kila jani imerefuka ikawa kikonyo kinachojipinda na kushika. Ndiga ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja na mara nyingi miiba. Gloriosa ina jani moja jembamba lisilo na mwiba. Kiazi cha Gloriosa mara nyingi kimepinda pembe, mikono miwili ikikutana.

Usitumie pua kuamua usalama. Crinum, Drimia na Scadoxus hazina harufu ya kitunguu cha jikoni, na zote zina sumu. Mtu akizila, hospitali kwanza, na kipande cha mmea kiende naye kwenye mfuko.

MMEA HAUTOI UA

Umeweka kijiti, umerudi masika, umerudi vuli, majani yapo na ua halipo. Mara nyingi mmea ni mchanga tu. Pengine kivuli kimezidi, miti imekua juu yake, na utaishi hivyo kwa majani peke yake hadi mti uanguke. Pengine ulikuja baada ya ua kufa: tafuta bua kavu lililolala chini, au kovu lake pembeni ya shingo. Baadhi ya vitunguu vya nyasini huchanua vizuri baada ya moto kupita, kwa hiyo mwaka usio na moto unaweza kupita kimya.

Hapo ndipo muulize anayeishi mahali pale, na umuulize majira badala ya jina. Kwa jina atakuambia kitunguu mwitu, na hajakosea, maana kwake vyote ni hivyo. Mfano wa mazungumzo yanayosaidia, na mchungaji mzee upande wa Pangani:

"Shikamoo babu. Hiki kikitoa ua huwa kuna jani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ua kwanza, tena jua bado kali. Jani mpaka mvua ije."

"Na ng'ombe?"

"Hawakigusi hiki. Kile cha bondeni wanakula ncha."

Kwa majibu hayo mawili umepata zamu za mmea mmoja na tofauti yake na mwingine, mambo ambayo ungeyasubiri mwaka mzima.

JINA HALILINGANI NA KITABU, AU SIMU INASEMA JINGINE

Kama kitabu chako ni cha zamani, Scadoxus multiflorus utaikuta ikiitwa Haemanthus multiflorus. Mwaka 1976 Ib Friis na Inger Nordal waliirudisha Scadoxus kuwa jenasi ya peke yake, na Haemanthus ikabaki kwa mimea ya kusini mwa Afrika. Vivyo hivyo Urginea nyingi sasa ni Drimia, Scilla nyingi za kwetu sasa ni Ledebouria, na Gloriosa simplex na virescens ni superba. Mmea haujabadilika, andika majina yote mawili kwenye daftari.

Kosa jingine ni kutaja neno la pili peke yake. "Nimeona kirkii" haina maana, kwa kuwa kuna Crinum kirkii na Albuca kirkii, na mimea mingine mingi iliyopewa jina la John Kirk, daktari na mwanabotania aliyekuwa konseli wa Uingereza Unguja. Stuhlmannii nayo ni hivyo hivyo: Crinum, Amorphophallus na wengine, kwa heshima ya Franz Stuhlmann aliyeiongoza taasisi ya Kijerumani iliyoanzishwa Amani mwaka 1902.

Programu za simu zinazotambua mimea hujifunza kwa picha ambazo watu wameweka. Mmea uliopigwa picha mara nyingi hupata jibu zuri, na mmea adimu hupewa jina la ndugu yake maarufu, kwa uhakika ule ule kwenye kioo. Ukiona jibu ni mmea wa Afrika Kusini pekee au wa bustani za Ulaya, chukua jenasi kama dokezo, acha jina la aina. Na unapoweka picha ya mmea adimu hadharani, zima kwanza alama ya mahali. Wachimbaji nao wanasoma.

KUPATA UHAKIKA

Kuna mimea ambayo picha haitaimaliza, na hapo inabidi sampuli ilinganishwe na zile zilizokaushwa. Tanzania kuna maktaba za mimea iliyokaushwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha, na kwenye kituo cha utafiti wa misitu Lushoto. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani na misitu mingine ya serikali, kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukikipata, chukua kidogo: ua moja, jani moja zima hadi chini, tunda kama lipo. Penye mimea michache, picha ya shingo na rula pembeni yake inatosha badala ya kitunguu.

Kwenye karatasi ya sampuli andika tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo, kivuli au jua, kama jani na ua vilikuwepo pamoja, rangi ya ua likiwa bichi pande zote mbili, rangi ya vifuko vya chavua na saa, na mimea mingapi uliiona. Rangi hupotea kwenye karatasi, kwa hiyo usipoiandika siku hiyo hakuna atakayeijua tena. Na endapo kibali kimeruhusu kitunguu kichukuliwe, kikate katikati kwa urefu kabla ya kukibana, la sivyo kitaendelea kuchipua ndani ya magazeti kwa miezi.